Mweka Hazina Ametuhumiwa: Jinsi ya Kuendesha Shauri la Fedha za Kikundi Bila Kuegemea Upande

Sanduku limefunguliwa, hela zimehesabiwa mara mbili, na hazitoshi. Kikao hakijafungwa bado, lakini nusu ya wanachama wameshaamua nani kala. "Lisemwalo lipo," anasema mmoja. Mwingine anadakia: "Pafukapo moshi pana moto." Methali hizi ni nzuri kwa kumtahadharisha mtu asijisahau, ila zikiingia kwenye shauri zinageuka hukumu iliyotangulia ushahidi. Mwenye kutaka maneno ya wahenga wa dini anayo yanayofaa zaidi: Mithali 18:17 inasema anayejieleza kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumchunguza, na Surat Al-Hujurat aya ya 6 inaamrisha habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutojua.

Mwongozo huu ni wa kamati ya VICOBA, chama, au kikundi chochote cha kuweka na kukopa kinachokabidhiwa tuhuma ya fedha dhidi ya kiongozi wake. Kamati ya msikiti, ya kanisa au ya harusi itaweza kuutumia kwa kubadilisha mambo machache.

Jambo moja liwekwe wazi mwanzoni. Watu hudhani asiyeegemea upande ni yule asiye na hisia juu ya wahusika. Mtu huyo hayupo kikundini. Mmekula pilau kwenye arusi ya mtuhumiwa, mmezika naye, mlalamikaji naye ni jirani yako. Kutoegemea ni namna ya kufanya kazi: mnafuata hatua ambazo zingewapa jibu lilelile hata kama jina la mtuhumiwa lingebadilishwa. Kwa hiyo jaribio la kutumia kila hatua ni hili. Chukua sentensi mliyoandika, toa jina lililomo, weka jina la mama yako, uisome. Halafu weka jina la yule mwanachama asiyekupendeza hata kwa salamu. Ukiona sentensi inakuwia nzito kwa mmoja na nyepesi kwa mwingine, ina kasoro, iandikeni upya.

Saa 24 za kwanza: linda kumbukumbu

Kabla ya kuuliza mtu swali lolote, kusanyeni karatasi. Leja kuu, daftari la mahudhurio, daftari la mikopo, muhtasari wa vikao, vitabu vya wanachama vyote (siyo vya walalamikaji peke yao), stakabadhi za benki na simu ya kikundi yenye laini ya miamala. Pigeni picha kila ukurasa, pamoja na zile zilizo tupu, kwa sababu ukurasa mtupu wa leo unaweza kujazwa kesho. Andikeni orodha ya vilivyochukuliwa, nakala mbili, mtuhumiwa na katibu wasaini zote mbili. Mtuhumiwa abaki na nakala moja.

Wengi huharibu shauri hapa. Wanamwachia mweka hazina daftari "aende akapange hesabu zake", kisha wiki ijayo wanalalamika kwamba amebadilisha. Au wanamnyang'anya kwa fujo bila orodha, naye baadaye anasema kuna karatasi zake tatu zimepotezwa na kamati. Katika hali zote mbili hakuna tena wa kuamua nani mkweli.

Mweka hazina apumzishwe kushika fedha kwa muda wa uchunguzi, na muhtasari useme wazi kwamba kupumzishwa si adhabu. Watunza funguo nao wapumzishwe siku hiyohiyo. Sababu iko kwenye sanduku lenyewe. Vikundi vingi hutumia sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Kama kufuli hazijavunjwa na hela zilitoka sandukuni, basi mweka hazina peke yake asingeweza. Ama watu wanne walikuwepo, ama funguo ziliachwa mkononi mwa mtu mmoja kinyume cha utaratibu, ama hela hazikuwahi kuingia. Tuhuma inayomtaja mtu mmoja bila kueleza kufuli tatu zilifunguliwaje ina pengo tangu siku ya kwanza.

Mjadala kwenye kundi la WhatsApp ufungwe. Mwenyekiti aandike mistari miwili: kuna tuhuma, kamati inaichunguza, itatoa majibu tarehe fulani. Kumwita mtu mwizi mbele ya wanachama kabla ya uchunguzi kunaweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na madai ya kuchafuliwa jina yapo siku zote.

Nani akae kwenye kamati

Watatu wanatosha kwa kikundi cha watu 15 hadi 30. Watano ni afadhali kama fedha ni nyingi. Wawe witiri ili kura isigande.

Wasiokaa: ndugu wa damu au wa ndoa wa upande wowote, anayemdai au anayedaiwa na mtuhumiwa, aliyeleta tuhuma, watunza funguo na wahesabu fedha, na mtu ambaye atapata cheo hicho mweka hazina akiondolewa. Huyu wa mwisho husahaulika mno. Kila mjumbe aseme mbele ya kikao uhusiano wake na pande zote mbili, uandikwe kwenye muhtasari, na mtuhumiwa aulizwe kama ana pingamizi. Akipinga mjumbe kwa sababu inayoeleweka, mbadilisheni. Akiwapinga wote, mwombeni afisa maendeleo ya jamii wa kata au kikundi jirani wawape watu.

Mwenyekiti wa kikundi asiongoze kamati hii ikiwa alisaini leja ileile inayolalamikiwa. Saini yake ni sehemu ya ushahidi.

Andika tuhuma mpaka iwe inaweza kukanushwa

"Mweka hazina si mwaminifu" haichunguziki. "Amekula hela zetu" nayo haichunguziki. Tuhuma inayofaa ina vitu vitano: nani, alifanya nini, lini, kiasi gani, na mlalamikaji amejuaje. Kwa mfano: "Kati ya kikao cha tarehe 3 Machi na cha tarehe 28 Aprili, Sh 1,200,000 zilizopaswa kuwemo sandukuni hazikuwemo zilipohesabiwa tarehe 28 Aprili. Mlalamikaji alishuhudia hesabu hiyo."

Ona kwamba neno "wizi" halimo. Kilichoonekana ni pungufu. Wizi ni maelezo ya pungufu, na kuna maelezo mengine kadhaa: hesabu mbaya, hela iliyoko kwenye simu, mkopo uliotolewa bila kuandikwa, makato, noti bandia iliyotupwa, mtu mwingine mwenye ufunguo. Mkiandika "wizi" kwenye kichwa cha faili, kila karatasi mtakayoifungua baadaye mtaisoma mkiutafuta huo wizi.

Mwisho wa ukurasa ongezeni mstari mmoja ambao kamati chache huuandika: "Tuhuma hii itakuwa si kweli ikiwa tutakuta..." Kisha orodhesheni. Kama hamwezi kufikiria kitu chochote kitakachowafanya mbadili mawazo, kikao chenu ni cha kutangaza uamuzi uliokwisha kupita.

Hesabu kwanza, watu baadaye

Mfano ufuatao ni wa kutunga, ila mtiririko wake ndio wa kufuata. Kikundi kina watu 25, kipindi ni wiki 8.

Salio la mwanzo lililohesabiwa mbele ya kikao: 840,000. Hisa: 3,150,000. Marejesho na riba: 2,460,000. Faini: 47,000. Mfuko wa jamii, 1,000 kwa kila mtu kwa wiki: 200,000. Jumla ya kilichopaswa kupita mikononi: 6,697,000.

Kilichotoka: mikopo 4,900,000, msaada wa msiba 150,000, daftari na nauli 35,000. Jumla 5,085,000.

Kinachotakiwa kuwemo: 1,612,000. Kilichomo: 412,000. Pungufu ni 1,200,000, na hapo ndipo kelele zilipoanzia.

Sasa kamati inachukua vitabu vya wanachama 25 na kuvilinganisha na leja mstari kwa mstari. Marejesho ya 600,000 yalilipwa kwa simu, yameandikwa kwenye leja, lakini hela bado ziko kwenye laini ya kikundi. Hazijapotea. Zinabaki 600,000. Kitabu cha mwanachama mmoja kina mkopo wa 450,000 uliotolewa siku mtoto wake alipolazwa, umesainiwa na viongozi wawili, ila leja kuu haina habari nao. Zinabaki 150,000. Makato ya kutuma na kutoa kwa wakala, kwa mujibu wa taarifa ya miamala, ni 38,500, na hakuna aliyeyaandika. Zinabaki 111,500. Kati ya faini za 47,000, wanachama wanne wanakiri kwamba 29,000 ziliandikwa wakiwa wameahidi tu, hawakuzitoa. Zinabaki 82,500.

Tuhuma ya milioni moja na laki mbili imeshuka hadi elfu themanini na mbili na mia tano bila mtu yeyote kuhojiwa kwa ukali. Lakini pia haijafika sifuri, na kamati isiyoegemea haipumui hapo ikasema "basi hesabu zimekaa sawa". 82,500 zina mwenyewe wa kuzieleza.

Mbinu mbili za watunza hesabu zitawasaidia. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shukuni tarakimu zilizobadilishana nafasi (45,000 iliyoandikwa 54,000 inaleta tofauti ya 9,000) au sifuri iliyoanguka (50,000 iliyoandikwa 5,000 inaleta 45,000). 82,500 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo kosa moja la namna hiyo halitoshi kuieleza. Pili, gawanyeni tofauti kwa mbili: 41,250. Tafuteni kiasi hicho kwenye leja. Kikiwepo, huenda kiliandikwa kwenye mapato badala ya matumizi. Kisipokuwepo, andikeni kwamba mmetafuta na hakipo.

Kuhusu miamala ya simu: ujumbe uliotumwa tena kwa mtu mwingine si kielelezo, kwa sababu maneno yake yanaweza kuhaririwa kabla ya kutumwa. Picha ya skrini nayo ni dhaifu. Mwenye laini aende kwenye duka la kampuni ya simu na wajumbe wawili, aombe taarifa ya miamala ya kipindi kizima, waipokee pamoja.

Leja nayo ni shahidi, na shahidi huhojiwa

Uingereza ilipata somo la gharama kubwa juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilifunga kwenye matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha kwa waendesha matawi, watu wa kawaida wenye duka kijijini na dirisha la posta ndani yake. Mkataba uliwataka wafidie. Hadi mwaka 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu. Wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Mmoja wao, Jo Hamilton wa kijiji cha South Warnborough, alipiga simu ya msaada kuuliza kuhusu upungufu wa kama pauni 2,000. Akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukawa maradufu papo hapo kwenye skrini. Mwishowe alikiri kughushi hesabu ili shtaka la wizi liondolewe na aepuke jela. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu kwenye hesabu za matawi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa mkupuo, Hamilton akiwemo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia wengine.

Chukueni mambo matatu ya kufanyia kazi. Kwanza, ulizeni leja maswali yaleyale mnayomuuliza mtu: nani aliandika, lini, aliona nini, anaweza kukosea wapi. Pili, angalieni kama upungufu wa namna hiyohiyo umewahi kutokea kwa mweka hazina aliyetangulia. Ukiwepo, tatizo huenda ni la utaratibu. Tatu, kukiri hakumalizi kazi. Watu hukiri kwa hofu, kwa uchovu, kwa kumlinda mtoto au mume, au kwa sababu wameahidiwa yaishe. Mtu akikiri, mwambieni aeleze kiasi, tarehe na jinsi alivyofanya, kisha mlinganishe na karatasi. Kukiri kusikolingana na karatasi kuandikwe hivyo hivyo: hakulingani.

Kuhoji mashahidi

Mmoja mmoja, chumba tofauti, wasisikilizane. Swali la kwanza kwa kila mmoja liwe lilelile: "Tueleze ulichokiona na kukisikia wewe mwenyewe, tangu mwanzo." Kisha nyamazeni. Msimkatize kwa dakika tano za kwanza.

Maneno ya swali hubadilisha kumbukumbu ya anayejibu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha watu filamu ya magari yanayogongana. Kundi moja liliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", jingine "yalipopondana". Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwemo kwenye filamu, lakini 16 kati ya 50 wa kundi la "kupondana" walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi lile jingine. Neno moja tu. Sasa fikiria swali la "Ulimwona anachota hela saa ngapi?" linavyopanda picha kichwani mwa mtu aliyemwona mweka hazina ameinamia sanduku.

Gawanya kila maelezo katika safu tatu: aliyoona mwenyewe, aliyosikia kwa mtu, aliyodhani. Kwa safu ya pili, mfuateni aliyesema. Mara nyingi mashahidi sita wanaodai "kila mtu anajua" wanaishia kwa mtu mmoja kisimani, naye alisikia kwa mlalamikaji. Hao hesabuni kuwa mmoja.

Kuna kitu kingine kinachowaponza wazee wa kamati: kusoma uso. "Aliangalia chini." "Alitokwa jasho." "Hakulia hata kidogo." Kwetu kijana au mwanamke kuinamisha macho mbele ya wakubwa ni adabu aliyofunzwa nyumbani. Mtu asiye na kosa hutetemeka pia akiona jina lake linazikwa. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta watu hutambua uongo kwa kumwangalia na kumsikiliza msemaji kwa wastani wa asilimia 54, yaani afadhali kidogo kuliko kurusha shilingi. Msiandike sura ya mtu kama ushahidi. Ramli nayo msiiguse. Haitoi ushahidi, inatoa ugomvi wa vizazi, na ramli chonganishi imepigwa marufuku Tanzania. Kumlazimisha mtu ale yamini mbele ya umati kuna ubovu uleule: mwongo mzoefu ataapa bila kupepesa, na mcha Mungu asiye na kosa atasita.

Kumsikiliza mtuhumiwa

"Asiyekuwapo na lake halipo" inafaa kwenye mgao wa nyama. Kwenye shauri, hukumu iliyotolewa bila mtu kusikilizwa ni mbovu hata kama imelenga. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inatoa haki ya kusikilizwa kikamilifu mbele ya mahakama au chombo kingine kinachoamua haki za mtu. Ibara za 47 na 50 za Katiba ya Kenya ya 2010 zinakwenda njia hiyohiyo.

Mpeni barua yenye tuhuma iliyoandikwa, nakala za vielelezo vyote (hata vinavyomsaidia, hasa hivyo), tarehe, saa na mahali. Muda wa kujiandaa usipungue saa 48. Ndicho kiwango cha kawaida kwenye kanuni za utendaji bora kazini za Tanzania za mwaka 2007, na kwa hesabu za wiki 8, siku tano ni za haki zaidi. Aruhusiwe kuja na mwenzake mmoja, atumie lugha anayoimudu, alete mashahidi, na awaulize maswali mashahidi wa upande wa pili, yeye mwenyewe au kupitia mwenyekiti.

Kumuita kwa heshima yake ni sehemu ya kazi. Kama siku zote ni "Mama Asha" au "Mzee wetu", abaki hivyo kikaoni. Kamati ikianza kumwita "mtuhumiwa" na mlalamikaji ikamwita "dada", wasikilizaji wameshapewa uamuzi.

Akikataa kuja baada ya kuitwa mara mbili kwa maandishi, endeleeni bila yeye, mkiandika juhudi mlizofanya. Kutokuja si kukiri. Kunyamaza pia si kukiri. Ila swali la kiutunzaji linabaki: fedha alikabidhiwa, na aliyekabidhiwa anawajibika kutoa hesabu. Hapo ndipo mstari ulipo. Anayedai "ameiba" ndiye wa kuthibitisha wizi. Aliyepokea fedha ndiye wa kueleza zilipo. Kuchanganya mizigo hii miwili ndiko kunakozaa hukumu nyingi za ovyo.

Mlalamikaji naye alindwe. Tuhuma iliyoletwa kwa nia njema ikashindwa kuthibitika haimfanyi kuwa mchonganishi, na akiadhibiwa, mwakani hakuna atakayesema hata akiona kweli.

Kupima na kuamua

Kabla ya mjadala, kila mjumbe aandike uamuzi wake na sababu mbili kwenye karatasi, aikunje, ampe katibu. Mdogo kwa umri azungumze kwanza, mzee mwisho. Mkianza na mzee, vijana wataitikia "kama alivyosema mzee" na mtakuwa mmepata mawazo ya mtu mmoja.

Chukueni kila kielelezo na kukiuliza: kama mtuhumiwa hana kosa, je, kitu hiki kingeweza kuwepo vilevile? Mweka hazina amenunua pikipiki. Asiyeiba naye hununua pikipiki, kwa mkopo, kwa mazao, kwa shemeji. Kielelezo hicho kinapima kidogo sana. Stakabadhi ya matumizi yenye saini aliyoghushi ni jambo jingine, kwa kuwa ni vigumu kuieleza bila kosa.

Kiwango cha uthibitisho kiongezeke kulingana na uzito wa matokeo. Mahakama ya jinai inataka kosa lithibitike bila kuacha shaka ya msingi. Madai ya kawaida yanatosheka na upande wenye uwezekano mkubwa zaidi. Kumtaka mtu ajaze pengo la hesabu alilokabidhiwa, tumieni kiwango cha pili. Kumtangaza mwizi na kumfukuza, msikubali chini ya ushahidi ambao haujaacha maelezo mengine yenye akili.

Uamuzi uwe mmoja kati ya mitatu, kwa kila tuhuma peke yake: imethibitika, haikuthibitika, imethibitika kuwa si kweli. La pili na la tatu msiyachanganye. Kwenye mfano wetu jibu la haki lingesomeka hivi: "Wizi wa Sh 1,200,000: si kweli kwa Sh 1,117,500 zilizopatikana maelezo. Wizi wa Sh 82,500: haujathibitika. Uzembe wa kutoandika mkopo na makato, na wa kuandika faini ambazo hazikutolewa: umethibitika. Mweka hazina atalipa Sh 82,500 kwa awamu tatu. Watunza funguo wawili wamethibitika kuacha funguo kwa mtu mmoja. Watatozwa faini iliyomo kwenye katiba ya kikundi."

Wapo watakaonung'unika kwamba kamati imeogopa. Wamezoea hukumu za ama mwizi ama malaika.

Adhabu iwe ile iliyomo kwenye katiba ya kikundi, na iwe sawa na aliyopewa mtu wa mwisho kwa kosa kama hilo. Fungueni mihtasari ya nyuma muone. Kubeba godoro, mbuzi au televisheni ya mtu kwa nguvu hakumo kwenye mamlaka yenu, na kumpiga au kumfungia ndani ni jinai. Ikionekana kuna wizi wenyewe, peleka faili polisi na kamati iishie hapo. Msiuze kesi kwa "tumalizane kimyakimya", kwa sababu kikundi kijacho kitampa mtu huyohuyo sanduku.

Barua ya uamuzi na yanayofuata

Ukurasa mmoja au miwili: tuhuma ilivyoandikwa, vielelezo vilivyoangaliwa, utetezi wake na kwa nini umekubaliwa au umekataliwa, uamuzi, na idadi ya kura. Mjumbe asiyekubaliana aandike maoni yake chini yake. Mpeni siku saba za kukata rufaa mbele ya watu ambao hawakuwa kwenye kamati. Faili litunzwe, ushahidi mpya ukitokea mwaka kesho, ufunguliwe kwa hatua hizihizi.

Aliyesafishwa arudishiwe daftari na nafasi yake katika kikao kilekile cha kwanza baada ya uamuzi. Tangazo lisomwe pale tuhuma ilipoenea: kikaoni kama ilisemwa kikaoni, kwenye kundi la WhatsApp kama ilisambaa huko. Lisomwe na mwenyekiti mwenyewe, lote, pamoja na zile tarakimu. Katibu aandike kwenye muhtasari nani alisoma, saa ngapi, na wanachama wangapi walikuwepo.